Kula mboga kwa bei nafuu Dar huku unashika kosheri

Wengi wanaoanza kushika kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hapa Dar wanaanza kwa kuhangaika na nyama, inapatikana wapi, iagizwe kutoka wapi, bei gani, na wanasahau kwamba chakula cha kila siku cha mji huu tayari ni mboga, maharage, nazi, mihogo na ndizi, vitu ambavyo ni kosheri toka shambani, havitaki muhuri wala cheti. Nyama ya halali ya buchani haitoshi, kosheri inataka mchinjaji aliyesomea sheria zake, mnyama akaguliwe, nyama ilowekwe na kutiwa chumvi itoe damu, kwahiyo ushauri wangu ni nyama iwe kitu cha sikukuu na hela ya wiki iende gengeni. Mboga haikuli hela, inakula muda wako na macho yako, na ukijipanga hata huo muda unapungua sana.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni wadudu. Walawi sura ya 11 imekataza vitambaavyo, na kwenye mboga maana yake ni vidukari, viwavi, thripi na inzi weupe wanaojificha chini ya jani. Mdudu anayehesabika ni yule anayeonekana kwa macho ya kawaida, wa kuonekana kwa hadubini tu hahesabiki, kwahiyo usijitese. Ila awe hai au amekufa ni sawa tu, na mdudu mzima hapotei kisheria kwa sababu sufuria ni kubwa, hata akiwa mmoja kwenye mboga ya watu ishirini bado yumo. Ndo maana kusaga mboga kwa makusudi ili usimuone sio suluhisho.

Sasa hapa ndo pa kuokoa hela na muda. Usinunue mboga kwa kuangalia bei tu, nunua kwa kuangalia na urahisi wa kuikagua. Siku za kazi, unaporudi saa moja usiku umechoka na taa yenyewe hafifu, pika bamia, karoti, boga, tango, nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu. Hizi unaosha, unakata, unatazama ndani, basi. Bilinganya na nyanya chungu ukiona katundu kadogo kwenye ganda usiikate vipande vya duara ukaitupia sufuriani, ipasue katikati ufuate kile kinjia mpaka mwisho, kiwavi huwa yuko humo humo. Bamia ipasue kwa urefu.

Majani yasubiri siku una mchana wa kutosha. Na majani nayo hayafanani. Matembele na kisamvu ni rafiki, majani yake ni laini, hayana nywele, unaligeuza jani unaona kila kitu. Mchicha una majani madogo mengi kwahiyo unachukua muda ila unawezekana. Majani ya maboga yana vinywele, wadudu wananasa humo, hayo menya zile nyuzi kwanza ndo uyaoshe. Kabichi toa majani ya nje kabisa, halafu bandua moja moja, usiikate ikiwa nzima kama wanavyofanya mtaani. Sukuma na chainizi zinapendwa sana na vidukari na viwavi, msimu wa jua kali ndo balaa, mvua ikinyesha wanapungua kwa sababu inawaosha. Koliflawa na brokoli mimi nasema achana nazo, ni ghali na vile vichwa vyake havikaguliki vizuri. Giligilani kama unaipenda ifunge kwenye kitambaa cheupe chenye nyuzi zilizobana, ichemke na mchuzi halafu utoe kifurushi chote, ladha umepata na hamna kilichotoroka.

Namna ya kuosha majani, nielezee vizuri maana ndo kazi yenyewe. Chambua kwanza, ondoa shina gumu na jani lolote lililojikunja, lililotoboka toboka au lenye michirizi myeupe, hiyo michirizi ni njia za funza aliyeko ndani ya jani na maji hayamfikii. Jaza beseni maji, tia chumvi ya kutosha au siki kidogo au sabuni kidogo ya vyombo, loweka dakika kama tano, halafu vuruga kwa mkono kwa nguvu, sio kuchovya tu. Toa majani kwa kuyanyanyua juu, usimwage maji na majani pamoja, ukimwaga kila kilichozama kinarudi juu ya mboga. Suuza kwa maji yanayotiririka, kama bomba halitoki basi maji safi ya beseni mara mbili au tatu. Mwisho weka maji safi, vuruga majani humo, yatoe, na hayo maji yachuje kwa kitambaa cheupe cha pamba, kanga ya zamani iliyofuliwa haifai kwa sababu ya maua, tafuta kipande cheupe kabisa. Kinyooshe kwenye mwanga wa dirishani. Kidukari ataonekana kama nukta ya kijani au nyeusi yenye miguu, thripi ni kajiti kembamba ka rangi ya majani makavu. Ukiona kitu unarudia zoezi lote kwa maji mapya, na ukirudia mara tatu bado wapo, hilo fungu usile, mpe jirani mwenye kuku. Kitambaa kikiwa safi chukua majani machache uyatazame mbele na nyuma kwenye mwanga ndo upike.

Kwahiyo nunua kizima. Pale gengeni watakuuzia kabichi na sukuma zilizokatwa katwa tayari, na kisamvu kilichotwangwa, ni rahisi kweli, lakini kikishatwangwa hakikaguliki tena, na kile kisu cha genge hujui kimekata nini. Mwambie tu "mama naomba majani mazima, nitatwanga mwenyewe", wala hatashangaa. Kisamvu ukague jani jani, utwange kwenye kinu chako, uchemshe mpaka kiive kabisa maana kibichi kina sumu, halafu ndo tui na karanga.

Hela inapatikana kwenye namna ya kununua. Asubuhi wanaopita na mabeseni kichwani wana majani yaliyovunwa alfajiri, yamesimama, na jani lililosimama linakaguliwa haraka kuliko lililonyauka, la jioni linashuka bei ila linakula muda wako mara mbili. Vitu vya kukaa kama karoti, viazi, vitunguu na maboga vifuate Mabibo au Ilala mnunue kwa pamoja watu wawili watatu mgawane, ukinunua kwa sado na sio kwa fungu unaona tofauti. Kama una kibaraza, mchicha kwenye viroba ndani ya wiki tatu nne unavuna, ukiufunika kwa kitambaa cha neti tangu mbegu ikichipua nondo hawatagi mayai na kazi ya kukagua inakuwa nyepesi mno.

Maharage, choroko, kunde na mchele vinachambuliwa kwenye ungo kama mama zetu walivyofanya siku zote. Maharage loweka usiku, asubuhi yale yanayoelea na yenye tundu au kidoti cheusi chini ya ngozi toa, humo kuna fukusi. Unga chekecha kwa chekeche lenye matundu madogo na usinunue wa kukaa miezi kwa joto hili la Dar.

Jikoni sasa. Kosheri hairuhusu nyama na maziwa kuliwa pamoja, na mboga ni pareve, maana yake si ya nyama wala si ya maziwa, unaweza kuila na chochote, na hiyo ndo nguvu yake kwa mtu wa kipato cha kawaida: sufuria moja ya mchicha inaliwa mchana na mtindi, na kesho hiyo hiyo inaliwa na kuku kama kuku yupo. Lakini ukiipika kwenye sufuria ya nyama hauli tena na maziwa. Kwahiyo kabla ya kitu kingine nunua sufuria moja ya mboga, kisu kimoja na kibao kimoja, zungushia mpini wa kisu utepe wa kijani ili kila mtu nyumbani ajue. Kisu ndo muhimu kuliko hata sufuria, kwa sababu kitunguu, kitunguu saumu na pilipili ni vitu vikali, vinanyonya ladha ya kisu, kitunguu kilichokatwa na kisu cha nyama kinahesabika cha nyama hata kama kisu kilikuwa kisafi.

Sufuria na kisu kipya cha chuma vinatakiwa kuzamishwa kwenye mikve, yaani maji ya kutakasia ya Kiyahudi, kabla ya kutumika, na hapa Dar tunayo bure, bahari ni mikve halali. Toa stika yote na gundi yake, nenda Coco Beach maji yakiwa yamejaa, zamisha chombo kizima maji yaguse kila sehemu. Chungu cha udongo kisichopakwa tabaka la kung'aa kama kioo hakihitaji kuzamishwa, ni cha bei rahisi na kinapika kisamvu vizuri, ila kiwe kipya, udongo uliokwisha kupikiwa kisicho kosheri hausafishiki.

Mafuta nunua chupa iliyofungwa ya alizeti tupu, ya kupima dukani yaache kwa sababu hujui yamechanganywa na nini. Vile vipande vya ladha ya nyama na kuku vya kutia kwenye mchuzi visiingie ndani kama havina alama ya kosheri, nunua binzari, iliki na jira nzima usage mwenyewe. Siki ya zabibu pia hapana, tumia ndimu. Chipsi za barabarani zinakaangwa mafuta yale yale ya kuku na soseji, hizo nazo hapana.

Tui la nazi ni la mmea, kwahiyo linaruhusiwa hata kwenye nyama. Rabi, yaani mwalimu wa sheria za Kiyahudi, Moses Isserles wa Krakow huko Poland, karne ya 16, aliandika kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi pale mezani watu wasidhani ni maziwa ya ng'ombe. Huku pwani kila mtu anajua tui, ila ukiwa na mgeni kutoka mbali weka vipande vya nazi kwenye sahani.

Kama una dada wa kazi anayepika na si Myahudi, washa jiko wewe mwenyewe ili chakula kisiwe kimepikwa na yeye peke yake, na wanaofuata desturi ya Kisefardi (Wayahudi wenye asili ya Hispania na Afrika Kaskazini) wanataka hata sufuria uiinjike wewe.

Ijumaa kazi yote ya kukagua iishe mapema, maana Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, humo kuchambua na kupika ni marufuku, na jua la Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Maharage ya nazi na viazi yaive kabisa, yabaki kwenye jiko la mkaa, makaa yafunike kwa majivu, ni njia iliyoandikwa kabisa kwenye Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, halafu usichochee wala usikoroge tena. Jiko likae nje au sehemu yenye hewa, hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa inaua ndani ya chumba kilichofungwa.

Pasaka ya Kiyahudi ina lake. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawali mchele, mahindi wala maharage siku hizo nane, kwahiyo hata ugali wa mahindi haupo, ila Wasefardi wengi wanakula mchele na maharage baada ya kuvichambua vizuri, muulize rabi wako wewe ni wa upande gani. Kwa wasiokula, mihogo, viazi vitamu, viazi mviringo na ndizi za kupika zinabeba wiki nzima bila kugusa vile vyakula vya maboksi vinavyoagizwa nje kwa bei ya kuumiza, na Pasaka mara nyingi inaangukia masika, barabara za mashamba zikiharibika bei inaruka, kwahiyo viazi na vitunguu viweke ndani mapema, vitandaze sehemu kavu yenye hewa.