Vitz yako inayumba kwenye kona? Anza na tairi, si rimu

Kabla hujanunua rimu kubwa, pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilicho kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Gari nyingi ndogo "zinazoyumba" zina upepo mdogo tu, basi.

Kisha angalia tarehe ya tairi ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) inaweza kuwa bado nene, lakini mpira umekauka. Kwenye mvua itateleza.

Ukitaka ishike barabara zaidi, Vitz inayotumia 165/70R14 (upana milimita 165, ubavu asilimia 70 ya upana, rimu inchi 14) inaweza kuvaa 185/55R15. Kimo cha gurudumu kinapungua kama milimita 2 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Ila ubavu unashuka kutoka kama milimita 116 hadi 102, na mashimo yetu mnayajua. Mimi ningebaki na 14.

Hela inayobaki iende kwenye shokapu, zibadilishwe mbilimbili, pamoja na bushi (mipira) za kontroli amu, mikono inayoshika gurudumu, halafu alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Fundi akikushauri akate springi ili gari ikae chini, chukua funguo zako uondoke.