Jua la Dirishani Halimkomazi Kobe Mchanga

Juzi alinijia mama mmoja kutoka Upanga, hapa Dar es Salaam, na boksi la viatu. Ndani yake, juu ya kipande cha khanga, alikuwamo kobe wa miezi saba, gamba linang'aa kama sufuria mpya. Lilikuwa limepakwa mafuta ya nazi. Nilimgeuza taratibu, nikabonyeza upande wa tumbo kwa kidole gumba. Likabonyea kama kifuniko cha kopo la plastiki, kisha likarudi. Kingo za gamba la juu zilikuwa zimeanza kujikunja kama sahani.

"Jua anapata, mama?"

"Tena sana, daktari. Tangi lake liko dirishani, linapigwa jua tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano."

Basi nikajua. Wanaoniletea kobe wenye gamba laini karibu wote wana hadithi hiyo hiyo: jua wanalisema, kioo hawakisemi.

Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ya UVB, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo ngozi ya kobe huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila D3, utumbo hauvuti kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula. Mwili ukiishiwa huikopa kutoka kwenye mifupa, na gamba ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake kuna tabaka la keratini kama la kucha zako. Mama yule alikuwa akisaga maganda ya mayai na kumnyunyizia kobe kwenye majani kila siku, bila kukosa. Sehemu kubwa ilikuwa inapita tu na kutoka na kinyesi.

Mafuta ya nazi nayo yalikuja baada ya gamba kulainika, ili "kulipa nguvu". Hayalipi. Yanashika vumbi na uchafu, na ukijumlisha hali ya hewa yetu hii, ukungu wa gamba hauko mbali. Tusipake mafuta, tusipake rangi ya kucha, tusimwandike namba mgongoni.

Sasa jua lenyewe, na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu kuna watu nikishawaambia "mtoe nje" wanabeba tangi zima na kuliweka uani saa saba mchana. Tangi la kioo juani ni tanuri. Kobe wa gramu 40 anapata joto kwa dakika chache, hana pa kukimbilia, na utamkuta amekufa mdomo wazi. Beseni la plastiki lisilo na kivuli ni hivyo hivyo. Nimeshaletewa wawili wa namna hiyo, na sikuwa na la kufanya.

Tengeneza uzio wa mbao wa sentimita 60 kwa 120, kimo cha sentimita 30, ukae juu ya udongo au nyasi, si juu ya saruji. Nusu ya eneo iwe na kivuli cha kudumu muda wote wa jua, yaani kivuli kisichohama jua likihama. Kipande cha mbao kilichoegemezwa upande mmoja chenye nafasi ya kobe kuingia chini kinatosha. Upande wa jua uwe wa nyuzi 32 hadi 35, kivulini 25 hadi 28. Nunua kipimajoto, kiweke usawa wa mgongo wa kobe, maana usawa wa pua yako haumhusu. Kikipita 38 upande wa jua, mrudishe ndani bila kusubiri.

Muda: saa mbili na nusu mpaka saa nne asubuhi. Jioni, saa kumi mpaka saa kumi na moja kama asubuhi ilikukosesha. Kobe aliyezoea kukaa ndani aanze na dakika 20, uongeze kila siku hadi afike saa moja na zaidi. Kati ya saa tano na saa tisa mwache ndani. Watu husema kobe porini hukaa juani siku nzima. Si kweli. Porini ana kichaka na ana shimo, na mchana wa jua kali hujichimbia.

Juu ya uzio weka waya wa kuku wa matundu ya nusu inchi, kwa sababu ya kunguru. Kunguru hawa wa Dar wanaopora andazi mkononi mwa mtoto hawatamwacha kobe wa sentimita tano. Usifunike kwa kioo, wala kwa plastiki angavu, maana umerudi pale pale. Chandarua nacho hupunguza mionzi. Waya ni bora.

Wanaoishi ghorofani: balkoni inayotazama mashariki ndiyo bora. Inayotazama kaskazini hupata jua Juni na kulikosa Desemba, kwa sababu mwisho wa mwaka jua letu la mchana hupita upande wa kusini. Kama balkoni imezibwa kwa aluminiamu na vioo, sukuma kioo kifunguke kabisa pale jua linapoingia, usiache ufa wa vidole viwili. Asiye na balkoni wala uani atahitaji taa maalumu ya UVB, ibadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji hata kama bado inawaka, kwa kuwa mionzi huisha kabla ya mwanga. Taa ya kawaida ya nyumbani haisaidii kitu.

Vioo hivyo kwa kawaida hufungwa kwa sababu ya kiyoyozi, na kiyoyozi kina kosa lake: hukausha hewa. Kobe mchanga akikua kwenye ukavu, gamba hupanda vilima vilima kama vichuguu, na vilima hivyo havishuki tena. Kila asubuhi, kabla ya kumtoa juani, mloweshe dakika 15 hadi 20 kwenye maji ya vuguvugu. Kina kisipite pale gamba la juu linapokutana na la chini. Kwa kobe wa sentimita tano ni kama sentimita moja. Kichwa kiwe juu ya maji bila kujinyoosha. Usiondoke ukaenda kupokea simu.

Chakula sitakieleza chote hapa, ila mchicha lazima niutaje. Mchicha wa kila siku una oksalati nyingi zinazoishika kalsiamu isitumike. Mpe zaidi mchunga, ukoka na majani ya porini yasiyopuliziwa dawa. Kalsiamu iwe chembe ndogo mara tatu au nne kwa wiki, na ukiokota ufukweni ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, usuuze, uloweke, uukaushe kisha umwachie autafune. Matone ya vitamini D ya watoto wa binadamu msimpe kwa kukadiria. Dozi hupangwa kwa gramu za mwili, na ikizidi inadhuru.

Kumbukeni pia kwamba kobe ni mnyamapori chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009. Asiye na kibali asimwokote porini wala asimnunue barabarani.

Gamba likikomaa vizuri, mtaliona wenyewe: gumu, halina vilima ukilipapasa, uzito unapanda kidogo kidogo kila wiki.

Masika isiwe kisingizio. Mawingu hupunguza UVB lakini hayaizuii yote kama kioo. Siku ya mawingu bila mvua mtoe, tena mwache mara mbili ya muda wa kawaida, maana joto haliko kali. Mvua ikianza, mrudishe, mfute, na uzio uuinamishe maji yasituame.