Jinsi ya kutafsiri "wobble" bila kuchekwa na mafundi

Niliwahi kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya pikipiki, nikaandika "gurudumu la mbele linapepesuka". Kabla ya kukabidhi kazi nikampelekea fundi mmoja wa Kihesa, hapa Iringa. Alisoma mara mbili, akajifuta oili mikononi, akauliza, "Mwalimu, hili gurudumu limetoka kunywa ulanzi?"

Tangu hapo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jiulize ni nini hasa kisichotulia. Kamusi itakupa "yumba" na kukuacha hapo. Anayepepesuka ni mlevi, au mgonjwa aliyeinuka kitandani leo. Mti kwenye upepo huyumba, na lori lililozidishiwa mbao za Sao Hill vilevile. Sauti ya mtu anayekaribia kulia hutetemeka.

Hatua ya 2: Kitikise. Hapa ndipo tunapokosea wengi. Meza ambayo mguu wake mmoja haugusi sakafu haiyumbi, inacheza. Jino la mtoto wa miaka sita linacheza. Lakini kiti ambacho gundi imeachia na misumari inachungulia kinalegalega, maana ubovu uko ndani yake. Meza inayocheza huenda ni nzima kabisa, sakafu ndiyo mbovu. (Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata ukikiweka juu ya mawe. Jaribu.) Mwingereza anatumia "wobble" kwa yote mawili, kwa hiyo soma sentensi inayofuata: wakisema kaza nati, kitu kimelegea, wakisema weka kipande cha boksi chini ya mguu, kinacheza.

Hatua ya 3: Usilazimishe nomino. "A wobble in her voice" ni "sauti yake ilitetemeka kidogo", basi. "Mtetemeko katika sauti yake" ni Kiswahili cha ofisini.

Hatua ya 4: Angalia mitego. Uingereza wakisema mtu "threw a wobbly", hakurusha kitu. Amepandwa na hasira ghafla. "Wobblies" wenye herufi kubwa ni wanachama wa Industrial Workers of the World, chama cha wafanyakazi kilichoundwa Chicago mwaka 1905. Jina hilo liache lilivyo.

Hatua ya 5: Rudi kwa fundi. Wangu nilimpelekea "gurudumu la mbele linacheza". Safari hii hakucheka. Aliuliza tu, "Beringi au spoki?"