Kuchimba nyumba ya mawe ya kale: sakafu kwanza, kuta baadaye

Katika magofu ya miji ya kale ya pwani ya Kenya, kama Gede, Takwa au Shanga, mgeni huangalia kuta na vidaka. Mchimbaji huangalia chini, kwa kuwa habari za waliokaa nyumbani zimelala sakafuni na jaani.

Kibali hutafutwa kwanza, kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Bila hicho hata kigae kimoja hakiguswi. Epuka masika, Aprili hadi Juni: shimo hujaa maji na kingo huporomoka.

Piga vigingi na kamba, mraba wa mita 5 kwa 5. Pima mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala: ikiwa si mita 7.07, mraba umepinda. Kati ya mraba na mraba acha ukingo wa mita 1 usiochimbwa, maana matabaka yatasomwa ubavuni mwake. Kina cha kila kitu kipimwe kwa kamba na pimamaji kutoka alama moja isiyosogea, si kutoka usoni mwa ardhi, ambao una mteremko. Ukishapata ukuta mmoja, utafute mwenzake yapata mita 2.5 upande wa ndani. Boriti za mikoko hazibebi dari ya mawe na chokaa kwa upana mkubwa zaidi ya huo.

Sururu ni ya kifusi cha juu tu. Vipande vya chokaa vyenye uso laini vikianza kutokea, iweke kando, shika mwiko wa mwashi. Hapa ndipo wengi hukosea: dari iliyoanguka hudhaniwa kuwa sakafu. Kipande cha dari hulala kimeinama, kingo zimevunjika, na pengine chini yake mna alama ya boriti. Sakafu hasa huenda mpaka ukutani ikakutana na lipu. Ndiyo maana usichimbe mfereji kuufuata ukuta, ingawa ndiyo njia ya haraka ya kupata ramani ya nyumba. Utakuwa umekata pale pale sakafu na ukuta vinaposhikana, na hutajua tena kipi kilitangulia.

Igawe sakafu katika miraba ya mita 1, kila mmoja na mfuko wake wenye lebo. Chekeche la milimita 5 linatosha kwa vigae na mifupa, lakini shanga ndogo hupenya. Sehemu ya udongo ipitishe kwenye la milimita 2. Chora kwa kipimo cha 1:20, piga picha, kisha toboa sakafu upande mmoja tu. Katika mji wa Shanga, chini ya majengo ya mawe, kulikuwa na nyumba za miti na udongo za tangu karne ya 8. Nyumba kama hizo hubaki kama madoa meusi ya mviringo. Nyunyiza maji kidogo, doa litajitokeza. Likate nusu utazame ubavu. Shimo la nguzo limenyooka na lina kitako. Mzizi wa mbuyu hupinda na kwenda ukisinyaa. Tundu la kaa nalo hushusha shanga ya juzi hadi kwenye tabaka la kale, kwa hiyo udongo wake uwekwe mbali.

Jaa lisisahauliwe. Kule Cuexcomate, Mexico, nyumba za Waazteki wa kawaida zilikuwa ndogo, za matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe. Vigae, vipande vya kioo cha volkano na vigurudumu vya kusokotea uzi vilipatikana kwa wingi kwenye taka zilizotupwa nje. Huku kwetu pia sakafu ilifagiliwa. Fungua mtaro wa mita 1 kwa 2 nje ya nyumba, ushuke sentimita 10 kila mara pale matabaka yasipoonekana, na shimo la choo lichimbwe vivyo hivyo. Mkaa wa kupimia umri uchukuliwe kwa ncha ya mwiko na kufungwa kwenye karatasi ya foili, bila kuguswa kwa mkono. Wavuta sigara wakae mbali.

Kazi ikiisha, tandika kitambaa kinachopitisha maji, mwaga mchanga, kisha rudisha udongo. Sarafu ya mwaka huo ikiachwa juu ya kitambaa humwambia mchimbaji ajaye mwisho wenu ulikuwa wapi. Ukuta uliolegea ushikizwe kwa chokaa; saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe la matumbawe huanza kumeguka.