Mkunga, ukimpokea mama aliyekeketwa

Mkunga mwenzangu wa Mombasa, mama aliyekeketwa akija kliniki usiite wenzako waje waone, tafadhali, hiyo aibu hataisahau na huenda asirudi tena. Funga mlango, muulize polepole mkiwa wawili tu, mamamkwe angoje nje. Kama alishonwa uke ukabaki tundu dogo, mweleze mapema kwamba itabidi afunguliwe, ama akiwa bado na mimba ama uchungu ukishaanza, na ganzi lazima apigwe, alafu iandike kwenye kitabu chake cha kliniki ili walioko leba wajue wasije wakashtuka. Akishajifungua familia ikitaka ashonwe tena kataa kabisa, sheria ya Kenya ya 2011 ya kukataza ukeketaji hairuhusu. Akizaa msichana ongea na babake pia, ili mtoto asikeketwe. Mama akitishwa, apige 1195, laini ya msaada wa ukatili wa kijinsia, ni bure.