Kabla Hujawasha Jenereta, Angalia Moshi Unaelekea Wapi

Umeme ukikatika kila mtu anakimbilia kamba ya kuvuta. Ngoja kwanza.

Petroli jaza mashine ikiwa imepoa. Oili pima. Waya uliochubuka tupa. Hayo unayajua.

Kinachoua watu ni mahali unapoiweka. Mwaka 2011, mgao ulipopamba moto Dar, nilikuwa na saluni ndogo. Jenereta tuliifungia kwenye korido ya nyuma kwa kuogopa wezi, mlango wa uani tukauacha wazi, tukajiona wajanja. Jioni binti msusi akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni njaa, nikaagiza chai. Mteja naye akaanza kichefuchefu. Mimi miguu haikuwa yangu, nikasingizia malaria. Watu watatu, chumba kimoja, dalili zilezile, na hakuna aliyeshtuka! Aliyetuokoa ni muuza maji: aliingia, akamwona binti ameegemea ukuta haitiki, akaenda kuzima mashine bila kuomba ruhusa ya mtu. Binti tulimtoa kwa kubebwa.

Hospitali ndipo tulipoelezwa habari ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa jenereta. Haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unapumua kama kawaida, mwili unakosa hewa. Ile harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine, kwa hiyo ikipungua usidhani umepona.

Basi mashine ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, la jirani likiwemo, bomba la moshi likitazama kusiko na watu. Mvua? Ezeka bati juu, pande acha wazi. Wezi? Mnyororo na nguzo.

Zile kubwa za dizeli zina lao. Masizi yake ni chembe ndogo mno, pua haizichuji, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Mwenye pumu asikae upande unakopelekwa na upepo, na kama jengo la jirani linakuvukizia kila siku, nenda kaseme, usione haya.

Kichwa kikiuma mashine inanguruma, toka nje kwanza, Panadol baadaye. Usilale inawaka. Jiko la mkaa chumbani nalo ni hivyohivyo, na gari linalounguruma gereji imefungwa, na...