Maneno ya mbio, kutoka Kiingereza mpaka Kilithuania: namna ya kuyapanga kichwani ukiwa Mswahili

Hii ni kwa wadau mlioko huku Lithuania, iwe Kaunas, Vilnius au Klaipėda, kwa masomo au kazi, pamoja na nyie mnaosubiri viza. Mi nakimbia asubuhi pale Ąžuolynas, ile bustani ya mialoni hapa Kaunas, na jioni nawafundisha Waswahili wageni Kilithuania cha kuanzia. Karibu wote tunajifunza kupitia Kiingereza, maana vitabu na kozi tunazopewa ziko hivyo. Sasa tatizo ni kwamba kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza kinavuruga watu kuliko vyote, nacho ni "run". Wahariri wa kamusi ya Oxford walipokaa kukihesabu walifikisha maana 645, tena kitenzi peke yake, kwa hiyo ukimeza "run ni bėgti", yani kukimbia kwa Kilithuania, ukaishia hapo umemeza maana moja na zimebaki 644.

Chukua daftari au hiyo programu ya kadi za kukariria maneno ulonayo kwenye simu, twende taratibu.

Hatua ya 1: Tenga miguu na visivyo miguu

Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka kila "run" ambayo kuna miguu inatembea kwa kasi, ya mtu, mbwa, farasi, chochote. Kulia weka zilizobaki: kuendesha biashara, kuishiwa maziwa, kugombea urais, basi linalokwenda kila saa, programu inayofanya kazi kwenye kompyuta, kuchelewa, kuwa na homa. Usitafute Kilithuania bado! Najua mkono unawasha kufungua tafsiri ya kwenye simu ila neno moja ukiliandika pekee bila sentensi linakurudishia jibu la kubahatisha.

Hatua ya 2: Upande wa kulia, pitisha Kiswahili kwanza

Hapa ndo penye utamu, na ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Kiswahili chetu hakitumii kukimbia kwa vitu hivyo, na Kilithuania nacho mara nyingi hakitumii bėgti, yani sisi na wao tuko upande mmoja na Kiingereza kiko peke yake. Ukianza na Kiswahili umeshafika nusu ya safari.

Chukua "we've run out of milk". Kwa Kiingereza sisi ndo tumefanya kitu. Kwa Kiswahili maziwa ndo yamekwisha. Mlithuania anasema "Baigėsi pienas", maziwa yamekwisha, mwenye kitendo ni maziwa yenyewe kama kwetu. Alafu ongeza mtu: "Man baigėsi pinigai", pesa zimeniishia. Ile "man" inafanya kazi ileile ya "ni" yetu ndani ya "zimeniishia". Mwanafunzi akiliona hilo huwa anacheka, maana alikuwa anahangaika kuunda sentensi ya kuanza na "mimi" wakati mdomo wake unaijua njia nyingine tangu utotoni.

Endelea hivyohivyo na zilizobaki. Kugombea ni "kandidatuoti". Kuchelewa, "vėluoti", ukiwa njiani unatuma meseji "vėluoju", imetosha. Nina homa ni "karščiuoju", neno moja tu, na ukiwa kwa daktari utalihitaji kweli. Basi linakwenda kila saa: "Autobusas važiuoja kas valandą", hicho važiuoti ni kwenda kwa chombo cha magurudumu, miguu haimo. Programu ikiwa inafanya kazi "veikia", ukiianzisha wewe ni "paleisti". Kuongoza kampuni ni "vadovauti". Na ile "in the long run" ambayo watu hutafsiri neno kwa neno mpaka inatokea mbio ndefu, we andika "ilgainiui", yani hatimaye, baada ya muda.

Tofauti zipo, msije mkanishika shati. Mlithuania naye ana vitu viwili vitatu vinavyokimbia bila miguu. "Laikas bėga", muda unakimbia, hapo wote watatu tunaelewana. Lakini pia anasema "bėga nosis", pua inakimbia, kama Mwingereza, na sisi ndo tunabaki pembeni na makamasi yetu yanayotoka. Hizo zitie alama nyekundu kwenye daftari, si nyingi.

Kadi yangu ya upande huu inakaa hivi: juu sentensi nzima ya Kiingereza, chini yake sentensi ya Kiswahili kama ambavyo mama angeisema nyumbani, nyuma ya kadi Kilithuania. Siweki neno moja pekee kwenye kadi hata siku moja.

Hatua ya 3: Upande wa kushoto, bėgti na bėgioti

Matamshi kwanza, fasta. Ė ni e yetu lakini ndefu na mdomo umebana kidogo. J ni y ya "yai". Š ni sh, č ni ch. Kwa hiyo bėgu, nakimbia, sema "beegu" na utaeleweka.

Sasa, bėgti ni kukimbia mara hii, kuna mahali unaenda au unaonekana unakimbia sasa hivi. Bėgioti ni kukimbia kama tabia au huku na huku, kama watoto uwanjani. Sisi tuna ile hu- yetu: "hukimbia asubuhi". Ndo bėgioju hiyo, na hiyo i ya katikati haitamkwi kama i, inalainisha g tu. Kiingereza kinazichanganya zote kwenye "run", kwa hiyo ukipita kule utafika huku na moja.

Mzee anayetembeza mbwa pale bustanini akikuuliza "Bėgioji?" hakuulizi unakimbia sasa hivi, anakuona na jasho lako. Anauliza kama una mazoea. Jibu "Taip, bėgioju, kiekvieną rytą", ndio, kila asubuhi, na ukimjibu hivyo jiandae kusimama maana watakaokujibu kwa urefu zaidi hapa ni wazee.

Mkimbiaji mwanaume ni bėgikas, mwanamke bėgikė. Mbio zenyewe ni bėgimas. Raba za kukimbilia, bėgimo bateliai.

Hatua ya 4: Vichwa vya kitenzi

Kiingereza kinaweka kijineno nyuma: in, out, away, across. Kilithuania kinakigandisha mbele ya kitenzi. Mswahili hawezi kuogopa vitu vya kugandisha mbele, maisha yetu yote ni hivyo, ila sisi tunagandisha mtu na wakati, wao wanagandisha uelekeo.

Įbėgti ni kuingia mbio. Išbėgti, kutoka mbio. Atbėgti, kuja mbio kwa msemaji, na nubėgti kwenda mbio mpaka mahali fulani. Perbėgti kuvuka mbio, na pia kuhamia upande wa pili kwa maana ya kusaliti. Prabėgti kupita. Subėgti ni watu wengi kukimbilia sehemu moja, kama pikipiki imeanguka na mtaa mzima umejaa.

Hii moja kaa nayo: pabėgti. Ni kutoroka. Kutoka hapo kuna pabėgėlis, mkimbizi, na wanaojua "mkimbizi" na "mkimbiaji" hawahitaji maelezo, kwetu mzizi ni uleule pia. Umerudi kutoka mazoezini, mwenzako kaulizia ulikuwa wapi, ukisema "pabėgau" umemwambia umetoroka. Sema "pabėgiojau", nimekimbia kidogo. Tofauti ni silabi moja, ila ile ya kwanza inaweza kukuletea maswali ofisi ya uhamiaji, natania, lakini jifunze.

Na kuna užbėgti, kupitia mahali mara moja, "nitapitia dukani". Ukiongeza "už akių", nyuma ya macho, inakuwa msemo: "užbėgti už akių" ni kuliwahi jambo kabla halijatokea. Utausikia sana kwenye taarifa ya habari wanasiasa wakiongea.

Hatua ya 5: Umbali

Fupi hii. Kilomita tano ni "penkis kilometrus", kumi ni "dešimt kilometrų". Kuanzia mbili mpaka tisa mwisho wa neno ni mmoja, kuanzia kumi mpaka kumi na tisa unabadilika. Kariri sentensi mbili, "nubėgau penkis kilometrus" na "nubėgau dešimt kilometrų", utaweka namba nyingine juu ya hizo. Nusu marathoni ni pusmaratonis.

Hatua ya 6: Misemo, usitafsiri, oanisha

Msemo tafuta mwenzake. Kukimbia mguu niponye kuna pacha kabisa: "bėgti kiek kojos neša", kukimbia kadri miguu inavyokubeba. Mtu anayekurupuka bila kuangalia anakimbia "kaip akis išdegęs", kama aliyeungua macho. Anayejiandaa kula kona "pusto padus", ananoa nyayo, na huu mi naupenda kuliko yote.

"Front-runner" ya Kiingereza, anayeongoza, ilitoka uwanjani. Kama unataka picha ya kuikumbuka muweke Filbert Bayi wa Tanzania, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974, aliyetoka mbele toka bunduki inalia kwenye mita 1500 na hakuna aliyempita mpaka mwisho, akaondoka na rekodi ya dunia 3:32.2. Siku hizi neno linatumika zaidi kwenye siasa, na kwa Kilithuania we sema "favoritas" mambo yaishe.

"Still waters run deep" sisi tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wao: "Tyli kiaulė gilią šaknį knisa", nguruwe mkimya huchimba mzizi wa kina. Sawa na sahihi, lakini umemwita mtu nguruwe, kwa hiyo sio wa kumtumia bosi.

Hatua ya 7: Ingia mbio yenyewe

Maneno yasipotoka jasho hayakai. Kaunas wana marathoni mwezi wa 6, Vilnius mwezi wa 9, na zote zina umbali mfupi kwa sisi wa kawaida. Jisajili. Kwenye karatasi ndogo ya mfukoni andika: rūbinė ni pa kuacha begi, numeris ni namba ya kifuani, vanduo ni maji. "Man skauda kelį", goti linaniuma. Mėšlungis, mkazo wa misuli. "Uždusau", pumzi imekata. Ile "hit the wall" ya wanamarathoni, pale baada ya kilomita thelathini mwili unapomaliza akiba yake ya wanga, usihangaike nayo, rudi hatua ya 2: "Baigėsi jėgos", nguvu zimekwisha. Na "second wind", pale nguvu zinapokurudia, inaitwa "antras kvėpavimas", pumzi ya pili. Watu wa pembeni watakupigia kelele "Laikykis!", kaza, shikilia hapohapo.

Kama uko Vilnius mwezi wa kwanza kuna mbio nyingine kabisa, ya kuwakumbuka waliouawa tarehe 13 Januari 1991 wakati jeshi la Kisovieti lilipovamia mnara wa televisheni. Watu wanakimbia kutoka makaburi ya Antakalnis mpaka kwenye mnara, kama kilomita 9 hivi, kwenye baridi. Inaitwa "pagarbos bėgimas", mbio ya heshima. Pale hutaulizwa muda wako, na usipige kelele za kushangilia. Vaa glovu.